Bomba la Inchi Tatu

Waliomuua mdogo wangu ni wawili: mwenye pikapu na fundi wa kuchomelea wa pale Kasulu. Nasema mapema, asije mtu akaniambia habari za ajali.

Huku kwetu siku ya gulio gari hujulikana kwa sauti. Mtu yuko ndani anamenya mihogo, akisikia mngurumo anajua ni la nani, anaburuta gunia lake mpaka barabarani. Gari lisilosikika halipakii. Pikapu ya huyu bwana ilikuwa na bomba la moshi la inchi mbili, inapita kijijini kama mgeni anayeogopa mbwa.

Siku hiyo tulikuwa tumeuza maharage yetu, tukawa tunamsubiri mwenye pikapu kwa fundi aturudishe Busunzu.

"Niwekee inchi tatu," akasema.

"Bosi, injini yenyewe ndogo hii. Tatu itapiga kelele, ila mlimani itakosa nguvu. Chukua mbili na nusu."

"Kwani unaendesha wewe? Nataka nikitoka Kibondo wanisikie Kakonko."

"Halafu nene hivyo haitapita juu ya ekseli. Sina mashine ya kuikunja ifike nyuma."

"Ikatie hapo hapo chini ya bodi."

Mdogo wangu akauliza, "Fundi, hilo ni bomba au kalavati?" Tukacheka wote. Fundi akavaa miwani yake, akakata. Alijua moshi utatokea wapi, na alikata.

Njiani mvua ikatukuta nyuma kwenye bodi, tumekaa juu ya magunia yake ya chumvi. Mwenye gari akasimama, akavuta turubai juu yetu na magunia, akalifunga kwa kamba. "Tulieni humo, akina mama, chumvi isilowe."

Kwenye mlima gari likaanza kutambaa. Linanguruma kama lori, haliendi. Moshi ukapanda kwenye nyufa za mbao za sakafu ya bodi, ukakosa pa kutokea.

"Dada, kichwa kinaniuma."

"Vumilia, tunamaliza mlima."

Baadaye akasema anasikia usingizi. Nikapiga kioo cha dereva kwa ngumi, nikapiga kwa kiatu. Nani angesikia? Kelele aliyoinunua ilikuwa imejaa kote. Mimi nilikuwa pembeni, nikapata tundu la turubai, nikabandika mdomo hapo. Kwa mkono mmoja namvuta mdogo wangu, naye mzito, hajisaidii.

Juu ya mlima ndipo gari liliposimama. Tulishushwa. Mimi nilitapika. Yeye hakufanya chochote.

Mwenye gari akachuchumaa karibu yangu. "Dada, polisi tuseme alikuwa na presha. Kazi ya Mungu haina makosa."

Nikamwambia amwache mdogo wangu hapo kwenye nyasi, asimguse tena, nitasubiri gari lingine. Lilipatikana. Kituoni kwa polisi mwenye gari alikaa benchi moja na mimi, ameinamisha kichwa. Askari akaniuliza nani alifanya hivi. Nikataja majina mawili, nikaanza na la huyo aliyekaa pembeni yangu.