Kamera ya begani na harusi ya Hamisi

Nina miaka sabini na mbili, nimezika kamera tatu za begani.

Leo nimenunua ya nne Singida mjini, ya bei nafuu. Ile ndogo aliyonionyesha muuzaji nimeikataa. Harusini hawampishi mtu wa kamera ya mkononi!

Muuzaji akasema, "Mzee, hii ya kanda, na kanda haziuzwi tena."

"Ninazo nyumbani Ilongero."

Ninazo kweli, ila zimejaa harusi. Kuijaribu kamera, nikarekodi kuku wangu kwenye kanda ya harusi ya jirani yangu Hamisi, harusi ikafutika, maana yeye na mkewe waliachana.

Saa kumi wakaja wote wawili.

"Shikamoo mzee. Tumerudiana, tunaomba kutazama harusi yetu."

Nikawawekea.

Kosa langu liko wapi?

Picha ni safi. Muulizeni mke wa Hamisi, kahesabu mpaka vifaranga.