Kosa la Safu ya Kumi na Saba

Zulekha Osman alikuwa fundi wa kroshia mjini Kitale. Nyumba yake ilikuwa hatua chache kutoka msikitini, na barazani pake, kila Jumanne na Alhamisi baada ya adhuhuri, wanawake walikaa kwenye mikeka na sindano zao wakijifunza. Walikuja wake wa askari, walimu, na wengine waliotoka mashambani Endebess wakiwa na nyuzi ndani ya mifuko ya plastiki. Miaka ile ya themanini, sebule ambayo makochi yake hayakuvikwa vitambaa ilionekana kama nyumba ambayo wenyewe bado hawajahamia.

Wengi walijua kushona. Kipaji cha Zulekha kilikuwa kingine: aliweza kukiona kitambaa kabla hakijakuwapo. Agosti ya mwaka 1985 alikwenda Endebess kumjulia hali mwanafunzi wake aliyejifungua, akakuta mahindi yamechanua, mbelewele zimesimama shamba zima hadi chini ya mlima. Aliporudi nyumbani hakutulia. Alishona, akafumua, akashona tena. Mumewe Yakub, makanika wa matrekta, alizoea kukuta uzi umetapakaa hadi chini ya meza. Miezi mitatu ilipita ndipo kitambaa kikakubali. Zulekha akakichora kwenye karatasi ya miraba, ile ya madaftari ya hesabu: mraba mweusi ni kitanzi, mweupe ni tundu, na pembeni idadi ya vitanzi vya kila safu. Akauita mchoro huo Mbelewele.

Kufikia mwaka 1987 michoro ilikuwa ishirini na minne. Wanawake waliinakili kwa mkono hadi macho yakawauma, ndipo wakamshauri atoe kitabu. Akaenda Bungoma kwa Bwana Wabwile, aliyekuwa na mtambo mdogo wa kupiga chapa nyuma ya soko.

"Jina rako nitaweka wapi, Mama?" Wabwile akamuuliza.

"Si lazima. Wanawake wote wananijua."

"Wa Kitale wanakujua. Na wa Kisumu je? Kitabu bira jina, mwenye kuokota ndiye mwenyewe."

Zulekha akacheka, lakini Wabwile hakucheka. Chini ya ukurasa wa kwanza akapiga chapa: Z. Osman, Kitale, 1987. Haki zote zimehifadhiwa.

Kitabu kilitoka kizuri, ila kilikuwa na kosa moja. Katika safu ya kumi na saba ya Mbelewele, tarakimu ya risasi kwenye mtambo iliwekwa kichwa chini, na tisa ikawa sita. Aliyefuata kitabu alifika pale, na pembe ya kitambaa ikajikunja kama jani lililonyauka. Nakala arobaini zilikuwa zimekwisha kutoka kabla malalamiko hayajafika. Wabwile akachapa vikaratasi vya masahihisho, akavibandika kwa gundi kwenye nakala zilizobaki, na jambo likasahauliwa.

Miaka kumi na miwili ikapita. Kitabu kilizunguka, kikachakaa, kikafotokopiwa na watu ambao Zulekha hakuwajua. Hilo halikumsumbua. Akikuta Mbelewele kwenye kochi la mtu asiyemfahamu, alitabasamu kimoyomoyo akaendelea na chai yake.

Mwezi wa Machi 1999, binti mmoja aliyeitwa Edah alifika barazani akihema. Alijifunza kroshia hapo akiwa kidato cha pili. Sasa alikuwa ameajiriwa katika chumba cha intaneti kilichofunguliwa juu ya duka la karatasi na kalamu, ng'ambo ya barabara. Kilikuwa na kompyuta mbili na laini moja ya simu, na watu wengi mjini walikuwa bado hawajui kinafanya nini.

"Mama, acha hiyo kazi kidogo. Kuja uone kitu."

"Nini tena?"

"Siwezi kueleza. Kuja tu."

Edah alikuwa akitafuta mtindo wa kitambaa cha meza kwa harusi ya dada yake. Alimketisha Zulekha mbele ya kioo cha kompyuta, akabonyeza. Picha ilianza kuteremka polepole kutoka juu, kipande kwa kipande, kama mtu anayeshona safu baada ya safu. Kufikia kipande cha nne Zulekha alikuwa ameshika ukingo wa meza.

"Hiyo ni Mbelewele," alisema.

"Ziko zote ishirini na nne. Lakini hapa wameandika jina ya mtu mwingine. Wacera, anakaa Amerika. Anasema amezichora yeye, na anaziuza."

Zulekha alitazama miraba yake mwenyewe. Hata mkono uliotetemeka kidogo katika mchoro wa tisa, siku aliyokuwa na homa, ulikuwepo. Alirudi nyumbani. Alhamisi hiyo hakufundisha, wala Jumanne iliyofuata. Wanafunzi walimkuta ameketi, sindano ipo mapajani na uzi haujaguswa.

Yakub ndiye aliyemwambia aende kwa polisi. Askari wa mapokezi alimsikiliza kwa adabu, kisha akaweka kalamu chini.

"Sasa Mama, kile kitabu iliibiwa, iko wapi?"

"Iko nyumbani."

"Iko nyumbani kwako?"

"Ndiyo."

"Sasa wizi ni gani, kama kitu iko kwako?"

Zulekha akatoka kituoni. Alijua ameibiwa, lakini kila alichokuwa nacho kilikuwa mahali pake.

Kwa msaada wa Edah akamwandikia Wacera barua kwa kompyuta, akamweleza kwa upole kwamba michoro ile ni yake. Jibu lilikuja baada ya siku mbili. Wacera alisema mitindo hiyo ni ya asili, ya kina nyanya, haina mwenyewe. Alisema pia kwamba kilichoko kwenye intaneti ni cha watu wote, na kwamba Kenya haina sheria yoyote ya kompyuta. Edah aliusoma mstari huo wa mwisho kwa sauti ya chini, kana kwamba yeye ndiye aliyeuandika.

Zulekha alikaa na maneno hayo wiki nzima. Yalimchoma kwa sababu nusu yake yalikuwa kweli. Yeye mwenyewe alifunzwa kroshia na mama yake, na mama yake na mwingine. Angewezaje kusema ni yake? Lakini kila alipotaka kuyaacha, alikumbuka ile miezi mitatu. Mwishowe akavaa buibui lake, akachukua kitabu, akaenda kwa wakili Rotich, aliyekuwa na ofisi karibu na mahakama.

Rotich alisikiliza mpaka mwisho, akasoma jibu la Wacera mara mbili.

"Kuhusu sheria ya uhalifu wa kompyuta, amesema kweli," alisema. "Vitabu vyetu bado havina. Itakuja, lakini leo haipo. Ila kuna kitu amesahau."

"Nini, Wakili?"

"Kitanzi hakina mwenyewe, Mama. Kila mtu ashone. Lakini mchoro huu ulitoka kwa mkono wako. Sheria ya hakimiliki iko tangu mwaka wa sitini na sita. Haiulizi mtu amenakili kwa kalamu au kwa mashine. Inauliza kama amenakili."

"Na akiwa Amerika?"

"Kenya iliingia mkataba wa mataifa mwaka wa tisini na tatu. Kazi yako inalindwa huko kama ya mwenyeji. Tena wenzetu huko walitunga sheria mwaka jana: kampuni inayomhifadhia mtu kurasa za intaneti ikipata barua ya mwenye kazi, inatakiwa iziondoe. Lakini akipinga, tutataka ushahidi wa nguvu kwamba ametoa kwako. Tarehe anaweza kudanganya."

Zulekha alivuta karatasi ambazo Edah alikuwa amezichapa kutoka kwenye kompyuta. Alipitisha kidole pembeni mwa Mbelewele, safu ya kumi, ya kumi na tano, ya kumi na saba. Kidole kikasimama. Kwa mara ya kwanza tangu Machi, akacheka.

"Wakili, hapa pameandikwa ngapi?"

"Sita."

"Inafaa kuwa tisa."

Alitoa sindano na uzi mkobani. Rotich akaahirisha mteja wake wa pili, akavuta kiti karibu. Zulekha alishona pembe moja mbele yake, akihesabu kwa sauti kama anavyowahesabia wanafunzi, mpaka akafika safu ya kumi na saba akaweka vitanzi sita. Safu mbili zaidi, na pembe ikajikunja juu ya meza ya wakili.

"Kosa hili ni la mtambo wa Bungoma," alisema. "Kama amechora yeye, alilipata wapi? Na kama angewahi kukishona hata mara moja, si angeona?"

Rotich alikigusa kile kitambaa kilichojikunja. "Mama," alisema, "nakala ya kwanza bado iko? Isiyo na masahihisho?"

Yake Zulekha ilikuwa na kikaratasi kilichobandikwa. Kwa hiyo siku ya pili alisafiri, akabadilisha gari Webuye, akafika Bungoma akiwa na wasiwasi kama Wabwile angali hai. Alikuwa hai, macho yamefifia, mtambo ameuachia binti yake. Lakini ndani ya sanduku la bati alikuwa ameweka nakala moja ya kila kitu alichowahi kuchapa: kadi za harusi, ratiba za shule, katiba za vyama vya kina mama. Binti yake alipekua nusu saa. Kitabu kilipatikana, sita yake ipo, na ndani yake kikaratasi cha masahihisho ambacho hakikubandikwa.

"Si nirikuambia uweke jina?" Wabwile akasema, akimshika mkono.

Alikula kiapo kwa maandishi mjini humohumo, akieleza lini alikichapa na kosa lilivyotokea. Rotich akaandika barua kwa kampuni iliyohifadhi kurasa zile, akaambatisha kiapo, nakala na kitambaa chenyewe kilichojikunja. Barua ikatumwa kwa kompyuta, na vielelezo kwa posta ya rejista.

Wiki tatu kimya. Zulekha alirudi barazani kufundisha, ingawa kila asubuhi Edah alichungulia kurasa zile na kumpungia mkono wa hapana kutoka dirishani. Kisha asubuhi moja ya Mei akateremka ngazi mbiombio. "Imetoka, Mama! Wameondoa yote!"

Barua ya Wacera ilifuata, safari hii kwa karatasi na stempu. Alisema alinunua fotokopi isiyo na jalada alipokuja nyumbani Kenya mwaka 1996, na ukurasa wa jina haukuwemo. Alikosa kazi huko Amerika, akaona njia ya kupata riziki. "Ulipoandika ndipo nilijua kuna mtu," aliandika, "na nikaogopa. Nisamehe."

Yakub alitaka ashtakiwe. Zulekha alikaa na barua ile siku mbili, kisha akajibu. Kurasa zinaweza kurudi, alisema, kwa makubaliano ambayo Rotich angeyaandika: jina lake juu ya kila mchoro, Kitale ikitajwa, na safu ya kumi na saba isahihishwe iwe tisa. Wacera akakubali yote. Julai hiyo, Zulekha alipanda tena ngazi za Edah, na picha ilipoteremka polepole, kitu cha kwanza kutokea kilikuwa jina lake.

Habari zilienea. Oktoba, kikundi cha wanawake wa Bungoma kilimwalika azungumze, na Rotich akaja kueleza sheria. Ukumbi ulijaa kuliko walivyotarajia. Walikuja wafinyanzi, wasusi wa vikapu, na kiongozi wa kwaya aliyeuliza kuhusu kanda zake zinazonakiliwa na kuuzwa kando ya barabara. Rotich hakuwaficha: sheria zina matundu, na mengine yatachukua miaka kuzibwa. Lakini zilizopo zinasikia mtu mwenye ushahidi.

Kisha Zulekha akasimama. Hakuwa amezoea kuhutubia, akaongea kama yuko barazani. Aliwaambia wachukue kalamu. Kila mmoja aandike kazi moja aliyoibuni mwenyewe, jina lake, na mwaka alioianza.

Kalamu zikawa zinasikika. Mwanamke wa mstari wa nyuma akainua mkono.

"Na kama uko nazo mingi?"

"Anza na ya kwanza," Zulekha akamwambia. "Tuna muda mpaka jioni."