Hatukupimi Wewe

Kazini walimpa jina la utani, Si-Kosa-Lako, na alijitakia mwenyewe. Kazi yake ilikuwa kumketisha mtu asiyemjua mbele ya simu yenye programu ambayo bado haijatoka, kumpa shughuli ndogo ya kufanya, kisha kunyamaza na kutazama kidole gumba kinakwama wapi. Baadaye alirudi mezani kwake na kuichora upya ile sehemu iliyomkwamisha. Watu wakikwama huona haya. Mwanamume mzima, amelea watoto na kujenga nyumba, anatokwa na kijasho kwa sababu hakioni kitufe cha kurudi nyuma, na kabla hujamwambia kitu ameshaanza kuomba radhi. Hapo ndipo yeye alipoinama kidogo na kusema maneno yake yaleyale: "Si kosa lako. Hatukupimi wewe, tunaipima programu."

Hakuwa akimpaka mtu mafuta kwa mgongo wa chupa. Aliyaamini kwa dhati. Mtu akibonyeza pasipotakiwa, aliyekosea ni mchoraji, basi. Siku moja mkuu wa timu alithubutu kusema kwamba watumiaji wengine ni wajinga tu, naye akamjibu mbele za wageni: "Wewe asubuhi umeusukuma mlango wa ofisi mpaka ukakasirika, kumbe unavutwa. Mjinga ni wewe au mlango?" Imani hiyo ilimpa cheo na heshima, na imani hiyohiyo ndiyo iliyomfumba macho kwa mama yake mzazi.

Huyo mama alikuwa opereta wa simu katika hospitali kubwa, enzi za ubao wa nyaya. Alikaa mbele ya matundu na vitaa, waya mkono huu na waya mkono ule, wodi ya wazazi huku, chumba cha upasuaji kule, na hakuna daktari aliyewahi kuunganishwa na jikoni kwa bahati mbaya. Nambari zote zilikuwa kichwani. Hata baada ya kustaafu, ukimuuliza ya chumba cha maiti alikutajia papo hapo, kisha akakucheka: "Mbona unaiulizia mapema hivyo?" Aliishi peke yake katika nyumba aliyoijenga kwa mshahara wa zile nyaya, na alishasema waziwazi kwamba humo atatoka amebebwa. Binti yake, huyu Si-Kosa-Lako, alimwahidi kuwa hakuna atakayemhamisha.

Halafu sufuria ikaungua. Ikaungua na nyingine. Kaka yake binti, ambaye alitaka mama ahamie kwake, akapiga simu. "Mdogo wangu, mama hayuko sawa. Tumpeleke kwa daktari."

"Umeliangalia lile jiko?" alimjibu. "Sehemu za kuwekea sufuria zimekaa mraba, swichi zimepangwa mstari mmoja. Nani atajua ipi inawasha wapi? Hata mimi nakosea."

Akaenda na rangi. Kila swichi na sehemu inayoiwasha akazipaka rangi moja, na sufuria hazikuungua tena. Mama aliposhindwa kuzima televisheni, mtaalamu wetu akaziba rimoti yote kwa utepe mweusi, akabakiza vitufe viwili. Mama alipopotea akirudi kutoka dukani, akakutwa amesimama mbele ya geti la watu akigombana na kufuli, jibu likapatikana tena: mageti ya mtaa mzima ni ya kijivu, hata malaika angepotea. Geti la mama likapakwa njano. Kila kilichotengenezwa kilifaa kwa muda, na kila kilipofaa, yeye alijiona ameshinda kesi.

"Utaipaka rangi dunia nzima ili mama asiumwe," kaka yake alimwambia. Binti akamkatia simu. Alikasirika siku nzima, maana ndani ya moyo wake kulikuwa na mahali lile neno lilipogusa pakauma.

Wakati huo alikuwa akimalizia programu ya wazee ya kuombea miadi hospitalini. Aliipunguza, akaipunguza, mpaka kila ukurasa ukabaki na swali moja na kitufe kimoja kikubwa chini yake. Hakuwahi kuchora kitu kilicho wazi kama kile. Siku ya jaribio, mzee waliyekuwa wakimngoja hakutokea. Mkuu wa timu akachungulia mapokezi, akamwona mama amekaa na mkoba wake mapajani, kwa kuwa binti alikuwa amepanga kumpeleka kupima miwani baada ya kazi.

"Si mzee huyo? Mketishe," alisema.

Kumjaribu ndugu yako ni mwiko katika kazi ile, na yeye ndiye aliyekuwa akiwafundisha wengine hivyo. Lakini wenzake walikuwa chumba cha pili wakitazama kwenye skrini, naye alitamani wamwone opereta wake. Ilikuwa ni fahari tu, hakuna cha zaidi.

"Mama, nitakupa kazi ndogo," alianza. "Omba miadi ya kupima macho. Na kila kinachokupitia kichwani kiseme kwa sauti, hata kama ni upuuzi. Hakuna jibu baya. Hatukupimi wewe, tunaipima programu."

"Haya, mheshimiwa mkaguzi," mama alisema, na chumba cha pili wakacheka.

Alisoma ukurasa wa kwanza vizuri kabisa, kwa sauti ile ya simuni. Akachagua macho. "Endelea," akasoma. Kidole kikaenda mpaka juu ya kitufe, kikasimama hapo. "Endelea. Naendelea wapi?" Kisha akakumbuka kwamba aliambiwa aseme.

"Nimekuja kufanya nini hapa? Ngoja. Usiwaambie kwamba hujui. Tabasamu kwanza, ukitabasamu watu wanakusaidia wenyewe." Akatabasamu. "Mwangalie usoni huyu, atakuonyesha kwa macho. Kama nyumbani. Binti yangu akija namwambia nimechoka, awashe jiko yeye. Zile rangi sijui ni za nini, lakini kahangaika sana, nikamshukuru. Asipokuja nakula mkate. Siwashi tena, naogopa. Asijue tu. Akijua watanitoa kwenye nyumba yangu."

Akainua uso, macho yanang'aa kama ya mwanafunzi aliyemaliza zamu yake ya kusoma. "Nimesema vizuri?"

Binti aliitazama ile skrini, akatafuta cha kulaumu: maandishi madogo, rangi iliyofifia, kitufe kilichojificha. Kitufe kilikuwa kimoja, kikubwa, cha kijani, na alikuwa amekichora yeye. Kumbe sufuria ziliacha kuungua kwa sababu mama hakuziweka tena motoni.

Walipotoka, mkuu wa timu alimshika bega. "Matokeo ya mama tusiyahesabu," alisema kwa upole. "Hayatusaidii. Yeye si mtumiaji wa kawaida." Alikuwa na nia njema, na hakuna tusi ambalo lingemchoma zaidi.

Jioni akampigia kaka yake. "Weka siku ya daktari," alisema. Alitegemea kusutwa, akasikia mtu analia.

Daktari alikuwa mwanamke wa makamo, asiye na haraka. Alimwonyesha binti kiti cha ukutani. "Kaa pale. Tafadhali usimsaidie, hata kwa ishara." Hilo hakuhitaji kufundishwa.

Mama alitajiwa maneno matatu ayashike, akapewa karatasi achore saa. Akachora duara zuri. Nambari zikaanza vizuri, kisha zikasongamana zote upande mmoja. Akasimamisha kalamu, akatabasamu, akageuka kumwangalia binti yake usoni. Binti alijua anatafuta nini. Akainamisha macho sakafuni, na hajawahi kufanya jambo lililomwia gumu kama hilo.

Mama akangoja. Alipoona hapati kitu, akamrudia daktari, uso umejaa haya. "Samahani, daktari." Kisha akajikaza, akakaa wima kama mtu aliyekumbuka haki yake. "Lakini mwanangu ameshanieleza. Si kosa langu. Hamnipimi mimi, mnapima hii karatasi."

Daktari akamtazama binti kidogo, akamrudia mama. "Kosa si lako, mama. Lakini leo tunakupima wewe."

"Kweli?" Mama aliuliza, na hakumuuliza daktari.

Binti akainua uso. "Kweli, mama."

Mama akaiweka kalamu juu ya karatasi, taratibu, akaikunja mikono mapajani kama zamani alipomaliza zamu. Mwanawe alikuwa amemwambia kwamba kila kinachompitia kichwani akiseme.

"Basi nyumba yangu imekwenda," akasema, kwa sauti, kama alivyofundishwa.