Sentensi Niliyodaiwa Kuiba

Mwalimu wetu wa insha, pale shule ya misheni Tabora, alikuwa hasomi. Simsingizii, mwenyewe alijisifu kwamba tangu atoke chuoni hajafungua kitabu kisichokuwa cha kufundishia. Alichokuwa nacho ni maneno ya kupamba, ameyapanga ubaoni, nasi tuliyakariri kwa fimbo. Kwa hiyo darasa zima liliandika kwamba kulipambazuka vizuri na ndege wakaimba, hata kama insha ilihusu mazishi. Yeye alifurahi, akatia vyema. Hadi leo nikikutana na maandishi ya aina ile gazetini namwona yeye.

Mimi kila Jumamosi niliazima kitabu katika kabati la shule, maana hakuna aliyevigombea. Likizo nilikwenda na kimoja Igalula kwa bibi, mama yake baba. Hakujua kusoma, basi jioni tukimenya karanga nilimsimulia kwa Kinyamwezi yale niliyoyasoma. Baba yake alikuwa mpagazi wa misafara ya pwani, na hadithi isiyosema nani alibeba mzigo hakuiamini hata kidogo.

"Alilala wapi? Alikula nini? Wewe umesoma au umeangalia picha?"

Nikawa nasoma huku namsikia akiuliza, na kitabu kisipojibu, najibu mwenyewe. Hivyo ndivyo nilivyojifunza kuandika. Ubao ule haukunifundisha kitu.

Tulipokaribia mtihani wa darasa la nne, wa kuingia shule ya kati, tulipewa insha ya safari ya gari la moshi. Wenzangu wote gari lao lilikwenda kama mshale. Gari letu lile, ambalo mtu angeshuka kununua ndizi akalidaka tena bila kutoka jasho. Mimi niliandika: "Gari lilipoondoka Igalula, nilidhani ni bibi anayerudi nyuma."

Mwalimu aliniita mbele ya darasa.

"Hii umeiba kitabuni."

"Sikuiba, mwalimu."

"Unabishana na mimi? Naijua hii. Nimeisoma mara nyingi."

Akanipeleka kwa padre aliyesimamia shule, akataka jina langu lifutwe katika mtihani kwa sababu ya wizi. Nililia, wala sioni haya kusema. Bila mtihani ule ningekaa nyumbani kungoja posa, na kitabu kingine nisingekishika.

Padre alisoma insha yangu hadi mwisho, akamwambia, "Jumamosi niletee hicho kitabu, mwalimu. Nikikiona, jina nalifuta."

Wiki ile ndipo tulipomwona mwalimu wetu akisoma. Alikaa barazani na vitabu vya kabati, kidole juu ya mstari, midomo ikicheza, akiruka kurasa. Vyote nilikuwa nimevisoma, nilijua hamna anachokitafuta. Jumamosi alikuja mikono mitupu.

"Kitabu chenyewe kimepotea, Baba," alisema, macho makavu.

Padre akasema nitafanya mtihani.

Nilifaulu. Likizo ya kwanza nilirudi nyumbani Chemchem, palepale Tabora, nikamkuta mdogo wangu wa kiume, ambaye sasa alikuwa darasani kwa mwalimu yule yule, akizunguka uani akikariri. Nikasimama kumsikiliza. Sentensi yangu ilikuwa imepandishwa ubaoni, kati ya ndege na mshale. Insha aliyopewa ilikuwa ya kuchunga ng'ombe Choma, ambako reli haifiki, na bado alitakiwa aichomeke mahali.

Nikamwambia sentensi hiyo niliiandika mimi, na bibi anayetajwa ni bibi yetu, yuko ndani, amekuja jana kututembelea. Akanicheka.

"Mwalimu amesema imeandikwa na Mzungu, dada. Na huyo bibi ni mke wa mkuu wa boma, Bwana Shauri."