Siku Niliyomkumbatia Kuhe Mbele ya Watu wa Kipili

Jamani, hii habari nimekaa nayo muda mrefu nikitumaini watu wataisahau, lakini kwa kuwa kila nikishuka Kipili wanawake wa mwaloni, pale samaki wanaposhushwa, wananiita Mama Kuhe, na kwa kuwa nasikia video yenyewe imefika mpaka kwa shangazi yangu kule Tukuyu (ambaye alinipigia simu, si kunipa pole, bali kuniuliza kama yule samaki tulimla), nimeona afadhali niisimulie mwenyewe. Wengine wakiisimulia wanaongeza chumvi, na ukweli wangu tayari una chumvi ya kutosha.

Mimi naitwa Atupele, kwetu ni Mbeya, Sumbawanga nimeletwa na kazi. Nilisomea ufugaji wa samaki wa mabwawani, yaani perege, samaki wa kutosha kiganjani, mpole, ukimchota na kiwavu chako anakutazama tu. Basi mradi wetu mdogo ulikuwa umeshakaa vikao vitatu na wavuvi wa Kipili kuhusu ghuba moja wanakozalia kuhe. Kama humjui kuhe, ni samaki wa Ziwa Tanganyika, mrefu kama mkono wa mtu mzima, mdomo mpana, na ukifika wakati wa kuzaa anageuka rangi ya njano na kusogea na mwenzake pembeni kabisa mwa ziwa kulinda watoto, ndiyo maana mtu aliyesimama tu juu ya jiwe na mshipi wake anampata. Ombi letu lilikuwa moja: kuhe mzazi akinasa kwenye ghuba ile, arudishwe majini akiwa mzima.

Hebu fikiria kumwambia baba mwenye watoto sita arudishe samaki wa kilo nne ziwani. Katibu wao, Bwana Pius, mtu wa maneno machache na yote yanauma, alisimama kwenye kikao cha tatu akasema, "Mkubwa akishashikwa na ndoano amekwisha huyo. Mkimwachia anakwenda kufia kilindini. Heri aliwe na watu." Ubishi ukawa mkubwa, mwisho wakakubaliana kwamba tuje tuwaonyeshe kwa macho. Akiishi, watapitisha. Akifa, tusirudi na karatasi zetu.

Mwenzetu aliyekuwa anaijua kazi hiyo akashikwa na malaria siku moja kabla. Bosi akanifuata mezani.

"Atu, kuhe umeshawahi kumshika?"

Hapo ndipo ningesema hapana, nikamaliza chai yangu, na leo ningekuwa mtu wa heshima zangu. Mimi nikajibu, "Nimeshawahi, mara nyingi tu."

(Na kweli nilishawahi kumshika. Sahanini, mbele yangu, kwa vidole vitatu, na ugali wa ulezi pembeni.)

Kesho yake alfajiri tukaondoka na dereva wetu Gwamaka, kijana wa kwetu Mbeya ambaye hajawahi kuona kitu asikipige picha. Sumbawanga asubuhi hiyo ilikuwa na ule upepo wake wa kukata masikio, kwa hiyo nikavaa sweta, soksi ndefu, sketi ya kitambaa kizito, nikajipaka mafuta ya mgando mikononi mpaka kwenye viwiko, na kichwani nikaweka wigi langu jipya la kufika mabegani, maana nilijua nitapigwa picha za ripoti. Njiani nikawa nasoma kijitabu cha namna ya kumshika samaki mkubwa na kumwachia, nikikariri kama mtoto wa komunyo ya kwanza, mpaka tulipopita Namanyere barabara ikaanza kuturusha nikakifunga. Nikajisemea, yanatosha, ni samaki, si ng'ombe.

Tulipofika Kipili joto likanipokea mlangoni mwa gari. Watu walikuwa wameshajaa kwenye kokoto za ile ghuba. Mama Skola, mkaanga samaki na mwenyekiti wa kina mama, alikuwa amekuja na karai lake na mafuta, kabisa, akaweka mafiga pembeni. Nikamuuliza hilo karai la nini.

"La tahadhari, mwalimu," akasema.

Juu ya jiwe alikuwa amesimama Mzee Selestini, mvuvi wa mshipi tangu ujana wake, ameshatupa ndoano. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia bila kugeuza shingo. Ule mwiba mdogo wa ndoano yake alikuwa ameubonyeza kwa koleo kama tulivyowaomba, ili itoke kwa urahisi.

Nikaanza somo, na jamani, nilifundisha! Nikawaambia samaki abaki ndani ya maji muda wote, asiburuzwe kwenye mchanga. Nikawaambia mikono iloweshwe kwanza, maana mwili wa samaki una ute unaomkinga na maradhi, ukimshika na mikono mikavu au kwa kitambaa unamvua koti lake. Vidole visiingie kabisa kwenye matamvua, maana pale ndipo anapovutia pumzi. Mkono mmoja kwenye shina la mkia, mwingine chini ya tumbo. Nikawafanya wayarudie kwa sauti, namba moja, namba mbili, mpaka Mama Skola akawa anayataja kuliko mimi. (Kosa kubwa hilo. Usimfundishe mtu sheria dakika kumi kabla hujazivunja zote mbele yake.)

Mshipi ukavutwa. Mzee Selestini hakumchosha samaki, alimleta taratibu lakini bila kuchelewa, na kwenye maji yale maangavu tukamwona anakuja, njano, na milia yake myeusi ubavuni, mkubwa mpaka watu wakasema "aaah" kwa pamoja. Mzee akashuka mpaka kwenye maji ya magoti, akainama, akanitazama.

"Nimwachie mwenyewe, au unakuja?"

Unaona? Mlango wa pili huo, nimefunguliwa na mtu mzima kwa adabu zote. Ningesema, "Endelea, Mzee, mimi nitaeleza." Lakini watu mia wananitazama na Bwana Pius amekunja mikono. "Niachie mimi," nikasema, nikavua viatu, nikaingia na soksi zangu.

Ndoano ilitoka vizuri, hilo alilifanya Mzee. Nikapokea samaki. Na ningeweza kumshika pale pale majini, yakaisha, kama si Gwamaka kule ukingoni akirekodi kwa simu: "Dada Atu, haonekani! Mnyanyue kidogo!"

Nikamnyanyua.

"Namba moja, mwalimu!" akaita Mama Skola.

Mikono yangu, yale mafuta ya mgando hayakuwa yametoka, maji yalikuwa yanateleza juu yake kama juu ya jani la mgomba. Kuhe akaanza kuponyoka. Nikatafuta pa kushikilia, na kidole, jamani, kidole chenyewe tu bila kuniomba ruhusa, kikaingia kwenye tamvua.

"Matamvua! Matamvua!" kina mama wote sasa, kwa sauti moja kama kwaya.

Yule samaki akajipinda, akanipiga mkia wa shavu, kofi la haki kabisa, na miiba ya mgongoni ikanichoma kiganja. Nikapiga kelele, nikarudi nyuma, soksi ikateleza juu ya jiwe, nikakaa chini majini, na samaki akaruka akaangukia kwenye kokoto kavu. Nikamfuata kwa magoti. Alikuwa anajirusha, kila akitua anajipaka mchanga, na mimi kwa hofu nikajilaza juu yake nikamkumbatia kwenye sweta langu la sufu, kifuani, kama mama anayemtoa mtoto kwenye moto.

"Ute wake, mwalimu! Unamvua koti!"

Nikarudi naye majini nikiwa nimemkumbatia hivyo hivyo, nikajikwaa tena, tukazama wote wawili, na nilipoinua kichwa nikasikia watu wamenyamaza. Nilidhani wamemwona samaki. Walikuwa wanatazama wigi langu likielea taratibu kuelekea kilindini.

Kisha wakacheka. Nilicheka na mimi kidogo, ile ya kujikinga, mpaka nilipotazama mikononi. Kuhe alikuwa amelala tumbo juu. Ile njano imepauka, mdomo wazi, matamvua hayachezi.

Kicheko kilikatika kidogo kidogo, kutoka mbele kwenda nyuma. Mama Skola, si kwa ubaya, ndivyo alivyo, akaita kwa upole, "Mwalimu, kama amekwisha tusimtupe. Mafuta yapo."

Sijui kama nimewahi kuona aibu ya namna ile. Kuanguka ni kuanguka, mtu unanyanyuka. Lakini vikao vitatu, na wale wazee waliokubali kwa shida, na samaki mwenyewe aliyekuwa analinda watoto wake bila kumkosea mtu, vyote vilikuwa vimelala ubavu mikononi mwangu kwa sababu sikutaka kusema "sijui". Nikaanza kumsukuma mbele na nyuma, mbele na nyuma, kwa haraka, huku machozi yananitoka.

Mkono mgumu kama gogo ukanishika kifundo cha mkono. Mzee Selestini alikuwa amekaa majini kando yangu, suruali na yote.

"Usimsukume hivyo, hufui nguo," akasema kwa sauti ya chini. "Ukimrudisha nyuma maji yanaingia kinyume. Mwelekeze huku viwimbi vinakotoka. Mdomo mbele. Hapo. Sasa mshike wima, usimbane, mwache anywe."

Tukakaa. Maji yalinifika kifuani. Nyuma yangu nilisikia mtu anajaribu kulinasa wigi kwa mshipi (alikuwa Mama Skola, na alilipata kwa mtupo wa tatu, na alipigiwa makofi). Sikugeuka.

"Mzee," nikanong'ona, "mimi sijawahi kumshika kuhe."

"Najua."

"Umejuaje?"

"Ulipoingia na soksi."

Nikataka ziwa linimeze. Yeye akaendelea kutazama samaki.

"Ungeniambia asubuhi ningekuonyesha," akasema. "Ni jambo la dakika mbili. Mimi mwenyewe nilionyeshwa."

Hakunisema, hakunihubiria, na hilo ndilo lililoniuma zaidi. Tukaendelea kukaa, mpaka vidole vikaanza kukunjamana, mpaka baadhi ya watu wakaanza kuondoka, na mimi nikawa namwomba Mungu kwa Kinyakyusa. Halafu chini ya kiganja nikasikia kitu, kama mapigo. Tamvua likafunguka. Likafunga. Likafunguka tena.

"Amekuja," akasema Mzee. "Usimwachie. Ataondoka mwenyewe akitaka."

Mkia ukacheza mara moja, ukatulia. Ukacheza tena, safari hii kwa nguvu, akajivuta kutoka mikononi mwangu kama mtu anayetoka chumbani kwa hasira bila kuaga. Na hakwenda kilindini. Alikwenda polepole, mwendo wa mgonjwa, mpaka kwenye lile jiwe, na pale wote waliokuwa ukingoni tukaona kitu kama wingu dogo la vumbi majini, watoto wake, na mwenzake akizunguka pembeni akifukuza visamaki vingine. Akaingia kati yao. Akasimama pale.

Bwana Pius akasogea mpaka maji yakamlowesha viatu. Kisha akanigeukia, mimi niliyekuwa nimesimama natiririka, kichwa kikiwa na mabutu manne niliyosuka siku nyingi, sweta limening'inia hadi magotini.

"Nakubali," akasema. "Samaki aliyepona mikono ya huyu, hakuna ndoano itakayomuua."

Wakapitisha. Ila kwa sharti (nalo liliandikwa kwenye muhtasari, nimeliona kwa macho yangu), kwamba video ya Gwamaka itunzwe, na kila mvuvi mgeni akija aonyeshwe kwanza ile, ajue mambo ya kutofanya, kisha ndipo Mzee Selestini amfundishe ya kufanya. Ndiyo hivyo imetembea mialo yote mpaka Tukuyu.

Kwa bosi nilikwenda mwenyewe Jumatatu nikamweleza yote kabla hajaiona, naye akasikiliza kwa uso wa huzuni sana, akatoka nje, na nikamsikia anacheka korido nzima. Tangu siku hiyo mtu akiniuliza kama nimeshawahi kufanya kitu nisichokijua, nasema "bado, nionyeshe", hata kama swali lenyewe ni kuwasha jenereta. Inauma sekunde moja tu. Ile ya kusema "nimeshawahi" ilinichukua asubuhi nzima na sasa nadhani itanichukua maisha.

Na nilionyeshwa, msidhani sikujifunza. Miezi kadhaa baadaye nilishuka tena Kipili, nikiwa pekupeku, sketi nimeikunja, mikono nimeisugua kwa mchanga na maji mpaka mafuta yote yakaisha. Mzee Selestini akanasa kuhe mkubwa kuliko yule. Nikampokea ndani ya maji, mkono huku kwenye shina la mkia, mkono huku chini ya tumbo, ndoano nikaitoa mwenyewe, sikumnyanyua hata kidogo, na akaondoka kabla sijahesabu kumi. Safi kabisa. Mzee akaitikia kwa kichwa, akasema, "Haya."

Nikageuka ukingoni nikiwa nimejaa fahari, kutafuta nani ameona. Gwamaka alikuwa amelala ndani ya gari. Ufuko mzima ulikuwa mtupu, isipokuwa Mama Skola aliyekuwa anakuja mbio kutoka juu, anahema, simu imenyooshwa mbele.

"Nimeambiwa uko majini! Umeanguka?"

"Sijaanguka, mama. Nimemwachia vizuri, ameondoka."

Akashusha simu, akanitazama kwa masikitiko ya kweli.

"Ah," akasema, "basi," na akarudi kwenye karai lake.