Siku Babu Alipobana Mkojo

Bwenini wananicheka kwamba namimina maji kama mwizi. Mwenzangu akijaza kikombe anasikika hadi bweni la pili. Mimi naegemeza mdomo wa jagi kwenye ukingo wa kikombe, maji yanateleza kimya. "We jamaa, maji yenyewe ya bomba, unamwibia nani?" Mimi nainua kikombe changu, nakunywa. Wewe ngoja nikusimulie.

Nilikulia kijijini, nyuma ya vilima vya Kibakwe, kwa babu mzaa baba. Tulikuwa na lambo. Ng'ombe walikunywa humo, mama zetu walichota humo, na sisi tulioga humo tukishaswaga mbuzi. Kiangazi maji yaligeuka rangi ya chai ya maziwa, nasi hatukujali. Jioni ugali wa uwele na mlenda, halafu babu na mimi tunaanza. Babu na mjukuu ni watani, hilo unalijua, ila sisi tulizidisha. Nikimficha kiatu kimoja, kesho uji wangu una chumvi ya kuua. Nikimwambia shikamoo, anajibu, "Marahaba, mwizi wa wake za watu," eti namvizia bibi. Siku nilipokojoa mkojo mwekundu nikaja mbio kwake, alicheka. "Umekuwa mwanamume. Mimi ndivyo nilivyo tangu ujana." Basi nikatembea kifua mbele wiki nzima.

Nikiwa darasa la tano likaja gari la wataalamu wa kichocho. Wakaweka mashine ya ultrasaundi kwenye darasa letu, ndogo kama televisheni ya kinyozi. Unapakwa ute wa baridi tumboni, daktari anapitisha kitu kama kipande cha sabuni, na kibofu chako kinaonekana kwenye kioo. Sharti ni moja: kibofu kiwe kimejaa. Wanafunzi tulipimwa asubuhi, nikakutwa nacho, nikapewa vidonge vyangu. Mchana ikawa zamu ya wakubwa. Sasa fikiria benchi zima la wazee wa heshima, kila mmoja kanyweshwa maji mpaka basi, magoti yamebana, hakuna anayethubutu kukohoa.

Babu alibakiza watu wawili mbele yake. Mama yangu, yaani mkwe wake, alikaa benchi la wanawake, wakitazamana. Na juu ya meza kulikuwa na jagi la maji ya kunywa.

Unaona ninakoelekea. Nilisimama mbele ya babu, nikainua jagi juu kabisa, nikamimina kwenye ndoo, taratibu. Chururu. Benchi zima likaguna.

"Mtoeni huyo mtoto," mzee mmoja akasema, "kabla hatujaaibika."

Babu alikuwa anacheka. "Mume mwenzangu, utaniua."

Nikamimina tena.

Akaacha kucheka. Suruali yake ya kaki ikabadilika rangi, na sakafuni mkojo ukatambaa hadi karibu na miguu ya mama. Mama akageuza uso haraka, kama mkwe anavyopaswa, lakini alikuwa ameshaona. Babu akavua koti, akajifunga kiunoni, akaenda nyumbani bila kumtazama mtu.

Daktari alituma ujumbe: anywe maji upya, gari litamsubiri hadi saa kumi. Bibi akambembeleza. "Mkwe wangu ameniona," babu akasema. "Hiyo mashine inataka kuona nini tena?" Saa kumi gari likaondoka.

Hakunichapa. Asubuhi nilipomwamkia, alijibu "marahaba" tupu.

Nilipoingia kidato cha kwanza, maumivu yalimlaza hospitali mjini Dodoma. Mashine ya aina ileile, ute uleule wa baridi. Ikaonyesha uvimbe kwenye kibofu, saratani ya kichocho cha miaka mingi, nao ulishasambaa. Nilimfuata daktari kwenye korido, nikamuuliza kama siku ile shuleni ungeonekana. Akaitazama sare yangu. "Kijana, nenda kakae na babu yako."

Babu alikuwa amewekewa mpira wa mkojo, mfuko unaning'inia kando ya kitanda. Nikamwambia shikamoo.

"Marahaba, mwizi wa wake za watu," akasema kwa sauti ndogo. "Lete jagi lako sasa. Safari hii hunipati, nimefungwa bomba." Akacheka. Mimi sikuweza.

Siku ya maziko watani wa ukoo walifanya vituko vyao, kisha wakanigeukia. "Na wewe mtani wake mkuu, mbona kimya?" Tulipotoka makaburini nikakabidhiwa jagi niwanawishe watu mikono. Walikuja wazee walewale wa benchi, mmoja mmoja. Nikaegemeza mdomo wa jagi kwenye viganja vyao, maji yasisikike.

Siku hizi lambo limezungushiwa uzio wa miiba, na karibu na shule kuna bomba la kisima kirefu. Watoto wa sasa hawaujui mkojo mwekundu, na ni heri. Nikienda likizo nawaamkia wazee njia nzima, kuanzia stendi hadi nyumbani. Wote wananijibu vizuri tu. Marahaba. Marahaba, mwanangu. Hakuna anayeniita mwizi.