Zamu ya Nne ya Mama Bei

Saa kumi na mbili asubuhi, mkurugenzi wa kilimo wa wilaya amepiga magoti kwenye tope. Sketi ya ofisini ameifunika kwa kanga, viatu vya kisigino vimebaki kwenye gari la serikali, na mkononi ana fungu la miche ya vitunguu. Anachomeka mmoja, anashindilia udongo kwa kidole gumba, anasogea. Baadaye asubuhi hii ana kikao.

"Mafaili yatanisubiri. Mche ukishang'olewa hausubiri mtu," anasema bila kuinua kichwa.

Dereva wake ameegemea mlango wa gari, anacheka. "Nimeendesha wakubwa wengi. Huyu ndiye wa kwanza kunijazia tope kwenye gari kila asubuhi."

Wakulima wa bonde hili wanamwita Mama Bei. Jina hilo lilianza kama sifa kabla halijageuka kejeli. Miaka tisa iliyopita alikuwa mchumi wa kilimo kwenye taasisi ya utafiti, na kila Jumamosi alisoma bei za mazao redioni. Watu waliweka majembe chini wamsikilize.

Msimu mmoja hesabu zake zilionyesha kuwa vitunguu vitaadimika na bei itapanda. Akatangaza. Kila aliyemsikia akapanda vitunguu, hata wale ambao hawakuwahi kuvilima maishani mwao. Vikakomaa kwa pamoja, vikafika sokoni kwa pamoja. Debe lililokuwa na thamani ya jogoo likashindwa kununua hata yai. Vingine vilimwagwa kando ya barabara, na harufu yake ikakaa wiki nzima.

"Hesabu zangu zilikuwa sahihi mpaka nilipozisema," anasema. "Chuoni nilifundishwa kuhusu kosa hilohilo. Nikafanya mtihani, nikafaulu. Halafu nikaenda redioni nikalifanya."

Aliyeumia zaidi ni shangazi yake, mwenye shamba hili. Ndiye aliyemlea tangu akiwa na miaka sita, na ada yake yote hadi chuo kikuu ilitoka kwenye vitunguu. Msimu ule shangazi aling'oa mahindi machanga ili apande vitunguu, kwa kuwa binti yake amesema. Alibaki mikono mitupu, na nyumba nzima ikala mlo mmoja kwa siku hadi mavuno yaliyofuata.

Shangazi hakugombana naye. Alitoa betri kwenye redio, akaiweka juu ya kabati, na akaacha kumwita mwanangu. Akawa anamwita mtaalamu. Binti alipopanda cheo, naye akampandisha: mkurugenzi.

"Bora angenitukana," anasema mkurugenzi, na sauti inamshuka. "Tusi lingeisha siku ileile."

Aliacha utafiti, akaomba kazi serikalini, akaanzia chini kabisa kama afisa kilimo wa kata. Mshahara ulikuwa karibu nusu ya ule wa taasisi, na wenzake walimwona amerukwa na akili. Alitaka kukaa mahali ambapo akimshauri mtu, watakutana tena sokoni na msibani.

Mwaka huu alikuja na mpango. Wakulima wa bonde wapande kwa zamu nne, mwezi mmoja kati ya zamu na zamu, ili vitunguu visigongane sokoni. Siku ya mkutano ukumbi ulijaa. Zamu tatu za kwanza zilipata watu mara moja. Ya nne haikumpata hata mmoja, kwa sababu vitunguu vyake hukomaa mvua zikianza, na kitunguu kilichokomaa kikinyeshewa huoza. Wote wakabanana kwenye zamu za mwanzo, na hapo mpango ulikuwa unakufa mbele ya macho yake.

Akaeleza kuhusu ghala la kukaushia ambalo halmashauri imelijenga. Bado hakuna aliyejiandikisha. Ndipo shangazi, aliyekuwa amekaa viti vya nyuma, akasimama.

"Mkurugenzi, mara ya mwisho wewe ulisema, sisi tukapanda. Safari hii panda na wewe, tena hiyohiyo ya nne. Mimi nitapanda tuta la jirani na lako. Vikioza, vituozee wote."

Ukumbi ukaangua kicheko. Mkurugenzi hakucheka. "Nikasema, nipeni jembe," anakumbuka.

Baada yake kaya kumi na saba zikajiunga na zamu ya nne. Robo eka hii ameikodi kwa mshahara wake, na shangazi hakumpunguzia bei hata kidogo. Mgongo unamuuma, kucha zimeingia udongo usiotoka, na ofisini wapo wanaosema anajishushia hadhi.

"Waache waseme," anasema, akichomeka mche mwingine. "Vitunguu vilipokuwa vinaoza barabarani hawakusema kitu."

Ng'ambo ya mfereji, majani ya vitunguu vya zamu ya kwanza yameanza kulala, dalili kwamba vinakaribia kuvunwa. Hajui bei itasimama wapi, na safari hii hataki kubahatisha. Redio imemwalika mara kadhaa, naye amekataa.

"Nikivuna hapa, nitarudi. Sitatabiri tena. Nitawasomea wakulima nani wamepanda nini, lini, na wapo wangapi. Kila mtu aamue mwenyewe akiwa anaona wenzake wanafanya nini."

Kwenye tuta la jirani, shangazi anapanda, amemtangulia kwa mbali. Mwandishi anamuuliza kama siku hiyo ikifika atamsikiliza. Mama huyo ananyoosha mgongo, anafuta mikono kwenye kanga.

"Betri nimeshanunua," anasema. "Ila sijazitia."

Kisha anamgeukia mtoto wa kaka yake, aliyesimamisha kazi ili asikie jibu.

"Haya, mkurugenzi. Tuta hilo halijipandi."